Siachen: Vita Vilivyozaliwa na Sentensi Isiyokamilika

Kila mara India na Pakistan zinapotunishiana misuli, kama zilivyofanya Mei 2025 kwa siku nne za makombora na ndege zisizo na rubani, jina moja hurudi midomoni mwa watu na kuzua mkanganyiko: Siachen. Wapo wanaodhani ni mji. Wapo wanaolitumia kana kwamba ni jina jingine la Kashmir nzima. Wengine wamesikia kwamba huko juu milimani majeshi mawili yanarushiana risasi usiku na mchana kwa ajili ya barafu isiyolimika wala kuchimbika, na wanauliza ni wazimu gani huo. Swali lao ni la haki, ila limejengwa juu ya mambo kadhaa yasiyo ya kweli, na mambo hayo hayaondoki mpaka mtu aangalie ramani, mikataba na hali ya hewa kwa pamoja.

Nianze na jibu, ili msomaji asipotee njiani. Barafu yenyewe si chanzo cha ugomvi. Chanzo ni sentensi iliyoandikwa mwaka 1949, ambayo ilieleza mpaka hadi mahali fulani kisha ikaishia hewani. Kilichowaweka askari huko kwa zaidi ya miaka 40 ni hofu ya kila upande kwamba atakayeondoka kwanza ataikuta nafasi yake imekaliwa na mwenzake.

Maneno ya kuyaelewa kwanza

Mto wa barafu si ziwa lililoganda, wala si theluji ya msimu inayoanguka na kuyeyuka. Ni theluji ya miaka mingi iliyolundikana bondeni, ya juu ikaigandamiza ya chini hadi ikawa ngumu kama jiwe, na uzito wake ukaanza kuisukuma iteremke taratibu, kama uji mzito uliomiminwa kwenye sinia lililoinamishwa. Unatembea, lakini jicho haliuoni ukitembea. Mgongoni mwake hupasuka nyufa zenye kina kirefu, ambazo theluji mpya huzifunika kwa juu kama mkeka uliotandikwa juu ya kisima. Aliyewahi kufika karibu na kilele cha Uhuru ameona mabaki ya barafu ya namna hiyo yakiwa yamesimama kama kuta nyeupe. Siachen ni wa jamii hiyohiyo, isipokuwa una urefu wa kilomita 76 hivi, karibu safari ya kutoka Moshi hadi Arusha, na ukiondoa maeneo ya ncha za dunia, ni mmoja wa mito mirefu ya barafu kuliko yote.

Unapatikana katika safu ya Karakoram, pale ambapo ardhi zinazoshikiliwa na India, Pakistan na China zinakaribiana. Kwa lugha ya Kibalti, inayozungumzwa na wenyeji wa mabonde ya chini, jina lake linahusu waridi: mahali penye wingi wa mawaridi. Mawaridi mwitu huota mabondeni, si juu ya barafu, lakini jina lilipanda mlima na kubaki huko.

Upande wa magharibi wa mto huo umesimama mgongo wa milima uitwao Saltoro. Huu ndio wa kukumbukwa kuliko mto wenyewe, kwa kuwa aliyeukalia anaona mabonde ya pande zote mbili, na aliye chini yake anaonekana. Kuuvuka si rahisi, ila kuna mapito machache, yaani mahali ambapo mgongo umeshuka kidogo kama tandiko la punda: Sia La, Bilafond La na Gyong La. Hilo "la" ni neno la lugha za huko lenye maana ya pito, na halihusiani na "la" yetu ya kukataa, ingawa kwa jinsi mambo yalivyokwenda lingeweza kuhusiana.

Halafu kuna NJ9842. Hii si siri ya kijeshi wala jina la silaha. Ni namba ya mahali kwenye ramani, iliyoandikwa kwa herufi na tarakimu za gridi ili mtu yeyote mwenye ramani ileile aweze kuweka kidole palepale. Mahali penyewe hapana mji, mto wala mnara, na pangekuwa hapajulikani kabisa kama mstari wa mpaka usingeishia hapo.

Bikoni ya mwisho

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, himaya yao ya India iligawanywa kuwa nchi mbili, India na Pakistan. Jimbo la Jammu na Kashmir, lililokuwa na mtawala wake, Maharaja Hari Singh, liliachwa lichague. Wapiganaji kutoka upande wa Pakistan walipoingia jimboni, mtawala huyo alitia saini ya kujiunga na India mnamo Oktoba 1947, na nchi mbili zilizokuwa na umri wa miezi zikaingia vitani. Mapigano yalisimama siku ya kwanza ya Januari 1949. Mwezi Julai mwaka huohuo, wawakilishi wa majeshi walikutana Karachi chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, wakaandika ni wapi mstari wa kusitisha mapigano utapita: kijiji hadi kijiji, kilima hadi kilima, hadi mahali ambapo milima iliwashinda. Walipofika hapo, waliandika kwamba kutoka hapo mstari unaelekea kaskazini hadi kwenye mito ya barafu. Wakaweka kalamu chini.

Msomaji anayetoka sehemu zenye vihamba ataelewa haraka. Tuseme baba amewagawia wanawe wawili shamba. Masale yamepandwa kutoka barabarani hadi kwenye mwamba mmoja mkubwa, na kila mtu anayajua. Kupita mwamba huo kuna korongo na mteremko ambao hata mbuzi wanaukwepa, kwa hiyo wazee wakaandika kwenye hati: "kutoka hapo mpaka unaendelea juu hadi msituni." Hakuna aliyesumbuka kupanda masale korongoni, maana nani atakwenda kulima huko? Miaka 30 baadaye mmoja wa ndugu anaanza kuwapitisha wageni kwenye ule mteremko kwa malipo, na mwenzake anashtuka: kumbe pale ni pako?

Mwamba huo ndio NJ9842. Baada ya vita vya mwaka 1971, India na Pakistan zilitia saini Mkataba wa Simla Julai 1972, na mstari wa zamani ukarekebishwa na kupewa jina jipya, Mstari wa Udhibiti. Maofisa walichora ramani kwa uangalifu mkubwa kuliko wa mwaka 1949, lakini walipofika NJ9842 nao walisimama. Walikuwa na nafasi ya pili ya kuimalizia sentensi, wakaiacha. Mtu anaweza kuwalaumu, ila wakati huo hapakuwa na jeshi lililofikiri kuishi huko juu.

Sasa, "kaskazini hadi kwenye mito ya barafu" ina maana gani? Mwombe mtu asimame NJ9842 na kutazama kaskazini, kisha anyooshe mikono yote miwili mbele kwa umbo la V. Mkono wa kulia unaelekea kaskazini-mashariki hadi kwenye Pito la Karakoram, na huo ndio mstari unaodaiwa na Pakistan. Mkono wa kushoto unafuata mgongo wa Saltoro hadi juu kabisa, na huo ndio mstari unaodaiwa na India, kwa hoja kwamba mipaka ya milimani hufuata mgongo unaogawa maji. Kati ya mikono hiyo miwili kuna pembetatu kubwa ya milima, na mto wa Siachen umelala ndani yake. Kila upande una hoja yake na hakuna hata mmoja uliotunga uongo mtupu. Pakistan husema kwamba mstari wa kwenda kwenye Pito la Karakoram ulionekana kwenye ramani za kimataifa kwa miaka na India haikupiga kelele. India husema kwamba neno lililoandikwa ni kaskazini, si kaskazini-mashariki.

Wapanda milima kabla ya askari

Ramani zilizoleta balaa zilichapishwa Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970, idara ya ramani za kijeshi ya nchi hiyo ilitoa karatasi ambazo mstari haukuishia NJ9842 bali uliendelea hadi Pito la Karakoram, na kwa hiyo Siachen ukaonekana kuwa upande wa Pakistan. Wapanda milima wa nchi za nje waliotaka vilele vya eneo hilo walitazama ramani, wakaomba kibali Islamabad, wakapewa. Kila kibali kilikuwa karatasi ndogo ya ushahidi, kama risiti ya kodi ya nyumba ambayo bado inagombaniwa.

India ilizinduka kupitia mpanda milima wake mwenyewe, Kanali Narendra Kumar, ambaye watu walimwita "Bull". Aliona ramani hizo, akashtuka, akaongoza misafara miwili ya kijeshi kwenye Siachen mwaka 1978 na mwaka 1981. Alikuta alama za waliotangulia na akarudi na picha na taarifa. Kuanzia hapo kila upande ulijua kwamba mwenzake anajua, na katika mambo ya mipaka hiyo ndiyo saa ya hatari.

Inafaa kusema kwamba barafu hiyo ilikuwa na historia njema kabla ya hapo. Mwaka 1912 Mmarekani Fanny Bullock Workman aliuchunguza mto huo na mumewe, na ipo picha yake akiwa amesimama juu ya theluji huku ameshika gazeti lenye maandishi ya kudai wanawake wapewe kura. Msafara huohuo ndio uliolipa jina pito la juu kabisa, Indira Col. Wengi huamini kwamba pito hilo liliitwa hivyo kwa heshima ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, ambaye ndiye aliyekuwa madarakani jeshi lilipopelekwa Siachen. Sivyo. Mwaka 1912 Indira Gandhi alikuwa hajazaliwa. Jina ni la mungu wa kike Lakshmi, ambaye pia huitwa Indira.

Mwanzoni mwa mwaka 1984 majeshi yote mawili yalikuwa yakijiandaa kupanda. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba India iligundua nia ya Pakistan kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinaagiza nguo za theluji kutoka kwa muuzaji mmoja wa London. Tarehe 13 Aprili 1984, siku ya sikukuu ya Baisakhi, helikopta ndogo za India ziliwashusha askari karibu na Bilafond La, na siku chache baadaye wengine wakashushwa Sia La. Operesheni hiyo iliitwa Meghdoot, yaani mjumbe wa mawingu. Askari wa Pakistan walipofika, wenzao walikuwa wamekwisha kukaa juu.

Mambo yanayosemwa ambayo si hivyo

Kutokana na siku hizo chache za Aprili, hali ya ardhini imebaki karibu ileile hadi leo, na hapa ndipo imani potofu ya kwanza inapoanguka. Watu husema majeshi mawili yanapigana juu ya Siachen. Ukweli ni kwamba askari wa Pakistan hawapo kwenye mto huo wa barafu. India inaushikilia mto wote pamoja na sehemu kubwa ya mgongo wa Saltoro. Pakistan iko magharibi ya mgongo huo, kwenye miteremko na mabonde ya chini. Vita vya Siachen, kwa hiyo, vimekuwa vita vya Saltoro. Mfano wa ndugu wawili kugombania korongo unahitaji kuongezwa jambo moja: mmoja ameshajenga juu ya ukingo, na mwenzake anajaribu kumtoa kutoka chini.

Majaribio hayo yalikuwepo na yaligharimu damu. Mwaka 1987 Pakistan ilikuwa na kituo kwenye kilele chenye zaidi ya mita 6,400, kilichoitwa Quaid kwa heshima ya mwasisi wa taifa hilo, Muhammad Ali Jinnah. Kutoka hapo iliweza kuviona na kuvilenga vituo vya India vilivyo chini yake. Mwezi Juni mwaka huo kundi dogo la askari wa India, likiongozwa na Bana Singh, lilipanda ukuta wa barafu katika dhoruba na kukiteka. Alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya nchi yake, na kilele kikabadilishwa jina kuwa Bana Top. Septemba ya mwaka huohuo Pakistan ilishambulia Bilafond La na haikufanikiwa. Fikiria kidogo maana ya urefu huo: kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Watu walikuwa wanapigana kwa mabomu ya mkono mita 500 juu zaidi ya mahali ambapo mgeni wa Kilimanjaro hupiga picha, hupumua kwa shida, na kuambiwa na mwongozaji wake kwamba muda umekwisha, tushuke.

Imani ya pili ni kwamba risasi ndizo zinazoua. Huko juu muuaji mkubwa ni mahali penyewe. Kwa hesabu zilizotolewa na serikali ya India, askari wake zaidi ya 800 walikuwa wamekufa eneo hilo kati ya mwaka 1984 na mwaka 2015, na sehemu kubwa yao hawakuuawa na adui. Upande wa Pakistan mambo ni hivyohivyo. Tangu Novemba 2003, nchi hizo zilipokubaliana kusitisha mapigano, bunduki za Saltoro zimenyamaza kwa kiasi kikubwa, lakini mazishi hayakukoma.

Ili kuelewa sababu, tumtumie tena mpanda Kilimanjaro. Anapanda kwa siku tano hadi nane, "pole pole" ikiwa amri na si salamu, kwa sababu mwili unahitaji muda kuizoea hewa nyepesi. Usiku wa mwisho anatoka kambi, kwa mfano ile ya Barafu iliyoko mita 4,673, anafika kileleni alfajiri na kukaa robo saa au nusu saa. Hewa ya pale ina karibu nusu ya oksijeni anayoivuta mtu wa Tanga au Mombasa. Wanaopanda haraka huumwa kichwa na kutapika. Wachache mapafu yao hujaa maji au ubongo wao huvimba, na dawa ya kweli ni moja, kushushwa mara moja. Sasa mchukue mtu huyo, mwambie asishuke. Mwambie akae hapo miezi mitatu, juu zaidi ya Uhuru, kwenye kibanda kilichochimbwa barafuni, katika baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri, na dhoruba inayoweza kuizuia helikopta kwa siku nyingi. Mwili haupati nafuu. Hamu ya chakula hupotea, usingizi hauji, kumbukumbu hudhoofu, na jeraha dogo halitaki kupona. Akigusa chuma kwa mkono mtupu ngozi hubaki kwenye chuma. Vidole vilivyoganda hukatwa.

Kitu kinachowaweka hai ni mafuta ya taa. Ndiyo, yaleyale ya kwenye kibatari. Kwa mafuta hayo hupashwa moto vibanda, huyeyushwa theluji ili kupata maji ya kunywa, na hupashwa bunduki zilizoganda, na moshi wake huwapaka askari masizi usoni na kifuani. Kila lita, kila gunia la unga na kila jeneza husafirishwa kwa helikopta ambazo katika hewa hiyo nyepesi hubeba mzigo mdogo sana, au hubebwa na wapagazi waliofungwa kamba pamoja ili mmoja akitumbukia ufani wengine wamshike. Hata mizinga hubadilika tabia: katika hewa nyepesi kombora huruka mbali kuliko majedwali ya bondeni yanavyosema, na mpigaji asiyelijua hilo hulikosa lengo.

Halafu kuna poromoko la theluji, ambalo halichagui bendera. Tarehe 7 Aprili 2012, alfajiri, mlima uliporomoka juu ya makao ya kikosi cha Pakistan huko Gayari na kuwafunika watu 140, askari na raia, chini ya theluji na mawe. Gayari haikuwa kituo cha mstari wa mbele. Ilikuwa bondeni, mahali palipodhaniwa salama, na kazi ya kuchimbua iliendelea kwa miezi mingi. Februari 2016 poromoko lilifunika kituo cha India kilichoitwa Sonam na kuwafukia askari 10. Siku sita baadaye waokoaji walimkuta mmoja wao akiwa hai chini ya barafu. India yote ilimwombea, na siku chache baadaye alifariki hospitalini Delhi.

Imani ya tatu inahusu maji, na hii nasikia hata watu wasomi wakiitaja. Inasemekana anayeushika mto wa barafu ameshika koki. Ni kweli kwamba Siachen unalisha mto Nubra, unaoingia Shyok, unaoingia Indus, na Indus ndio uhai wa Pakistan. Lakini askari kwenye mgongo wa Saltoro hawezi kuizuia barafu isiyeyuke wala kuyageuza maji yanayotoka chini yake. Magomvi ya maji kati ya nchi hizo yapo na ni mazito. Aprili 2025 India ilitangaza kuusimamisha Mkataba wa Maji ya Indus wa mwaka 1960, na siku iliyofuata Pakistan ikasema ina haki ya kuisimamisha mikataba yote kati yao, ukiwemo wa Simla. Magomvi hayo, hata hivyo, yanahusu mabwawa na mifereji ya mbali chini ya hapo. Kinachoihusu Siachen katika tangazo hilo la Aprili ni Simla, kwa sababu Mstari wa Udhibiti umesimama juu ya mkataba huo, na NJ9842 ni mwisho wa mstari huo.

Kuna pia mchanganyiko wa majina. Pito la Karakoram, ambalo Pakistan hulitaja kama mwisho wa mstari wake, si Barabara Kuu ya Karakoram inayounganisha Pakistan na China. Barabara hiyo iko mbali magharibi na huvuka mpaka kwenye Pito la Khunjerab. Pito la Karakoram ni njia ya kale ya misafara ya biashara kati ya Leh na Yarkand. Tofauti hii ina uzito, maana mtu anayezichanganya huamini kwamba India imekalia Siachen ili kuikata barabara ya China, jambo ambalo jiografia hailikubali. Hoja ya India kuhusu China ni nyingine. Mwaka 1963 Pakistan na China zilikubaliana mpaka, na bonde la Shaksgam, lililo kaskazini ya Siachen, likabaki mikononi mwa China. India haijawahi kuyatambua makubaliano hayo. Mashariki kuna Aksai Chin, ambayo China inaishikilia na India inaidai. Majenerali wa Delhi huitazama Siachen kama kabari iliyopigwa kati ya ardhi inayoshikiliwa na Pakistan na ile inayoshikiliwa na China, na tangu askari wa India na wa China wapigane kwa marungu na mawe katika bonde la Galwan, Juni 2020, hoja hiyo imepata wasikilizaji wengi zaidi.

Kwa nini hawashuki?

Mchambuzi wa Kimarekani Stephen Cohen aliufananisha mgogoro huu na vipara wawili wanaogombania kitana. Mfano unachekesha na umenukuliwa mno, lakini nadhani unapotosha. Kila kipara hapa anajua fika kwamba hana nywele. Anachoogopa ni kwamba akikiachia kitana, mwenzake atakipeleka mahakamani kama ushahidi kwamba nyumba nzima ni yake.

Mazungumzo yamefanyika mara nyingi, na kufikia Juni 2012 makatibu wakuu wa wizara za ulinzi walikuwa wamekaa kwa duru ya 13. Juni 1989 ilionekana kana kwamba wamefika: taarifa ya pamoja ilizungumzia kuyapanga upya majeshi. Kisha kila upande ukaenda nyumbani na kuieleza taarifa hiyo kwa namna yake. Mwaka 1992 walikaribia tena. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh alikwenda mwenyewe hadi Siachen na kuzungumzia kuugeuza kuwa mlima wa amani. Baada ya Gayari, mkuu wa jeshi la Pakistan, Jenerali Ashfaq Kayani, alisema hadharani kwamba majeshi yangepaswa kuondolewa eneo hilo. Hakuna kilichotiwa saini.

Mkwamo wenyewe, ukiuvua maneno ya kidiplomasia, ni mdogo kwa namna ya kusikitisha. Mahali ambapo majeshi yamesimama leo panaitwa Mstari wa Vikosi Vilipo, kilomita 110 hivi kutoka NJ9842 hadi Indira Col. Haumo kwenye mkataba wowote, na ndiyo maana ni kosa kuuita Mstari wa Udhibiti. India inasema: kwanza tuuandike mstari huu kwenye ramani na kuutia saini, ndipo tushuke, ili mkirudi kwa siri dunia ijue nani alikuwa wapi. Pakistan inasema: tukiutia saini tutakuwa tumekubali kwamba mlichokichukua kwa nguvu mwaka 1984 ni chenu, shukeni kwanza. Hofu ya India ilipata nguvu mwaka 1999, askari wa Pakistan walipovikalia vituo vya Kargil ambavyo India ilikuwa imeviacha kwa majira ya baridi, na vita vya miezi miwili na zaidi vikafuata. Hofu ya Pakistan ina historia yake pia, maana kwa hesabu yake Siachen ndiyo Kargil ya kwanza, iliyofanywa na upande wa pili. Na kwa India kuna ugumu mwingine ambao hausemwi sana mezani: akishashuka aliye juu, kurudi kunahitaji kupanda; aliye magharibi yuko karibu zaidi na njia za barabara. Anayeketi mahali pagumu hupaogopa zaidi kupaacha kuliko kupakalia.

Huku karatasi zikisubiri, barafu inaendelea na mwendo wake. Madebe ya mafuta, makasha ya risasi na taka za miongo minne yamezikwa ndani yake na yanateremka nayo kuelekea Nubra. Askari wanaopanda upande wa India bado husimama kwenye kihekalu kimoja kambini, hutoa taarifa kwa roho ya askari anayeaminika kuwalinda, na hurudi kumwarifu wakishuka salama. Januari 2023 kapteni mwanamke alipangiwa kazi kwa mara ya kwanza kwenye kituo kinachoitwa kwa jina la yule Kanali Kumar, miaka 111 kamili baada ya mwaka aliopigwa picha Bi Workman na gazeti lake.

Agosti 2022, doria ya India ilikuta mabaki ya mwenzao aliyefunikwa na poromoko la theluji Mei 1984, wiki chache tu baada ya helikopta za kwanza kutua. Walimtambua kwa kibati chenye namba yake ya jeshi. Walimpeleka kwao, kwa mkewe aliyekuwa amesubiri miaka 38. Mwaka aliopotea, maneno ya Karachi yaliyompeleka huko yalikuwa na umri wa miaka 35. Alipopatikana yalikuwa na miaka 73, na hakuna neno hata moja lililokuwa limeongezwa.